Grupu la kanisa limejaa watu ila wa kunijulia hali hakuna, nifanyeje?

Mgeni_Ipuli:
Wakuu habari za jioni. Nimehamia Tabora kikazi, napanga Ipuli, ndugu huku sina. Jumapili misa ikiisha kila mtu anawahi bodaboda, mi narudi geto nashinda TikTok na status za watu mpaka usiku wa manane. Grupu la WhatsApp la parokia niliungwa, ni "Amina" na picha za maua kutwa nzima, juzi nikaandika naumwa malaria zikashuka "pole sana mpendwa" kama mvua, ila aliyegonga mlango na uji ni mama mwenye nyumba tu, tena Muislamu. Sasa kanisa kazi yake nini hapo?

Mama_Isevya:
Pole mwanangu. Uko jumuiya gani? Maana kwenye misa ya watu wote wale hata ukikosa mwaka nani atajua. Ndo maana maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, mwaka 1976 walikazania jumuiya ndogo ndogo, majirani wasali nyumba kwa nyumba. Kwetu mtu asipoonekana tunaenda na sukari na sabuni, tunamkuta kalala au kagombana na mumewe, tunakaa. Muulize katekista mtaa wako ni jumuiya ya mtakatifu nani.

Kibogoyo:
Mama sema yote basi. Jumuiya nyingine siku hizi ni daftari la michango, mgeni hajakaa vizuri anaulizwa zaka na ujenzi wa nyumba ya padri. Kijana anarudi kwenye simu, angalau yenyewe inamdai bando tu 😂

Mwana_Ujiji:
Simu msiionee jamani. WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2025 walisema mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke, na Uingereza mwaka 2018 waliteua waziri kabisa wa hilo jambo. Huku Kigoma grupu la kwaya yetu ni la kupangiana tu, nani analeta kinanda, nani hajaja mazoezi apigiwe. Apigiwe, siyo atumiwe emoji. Mi sauti sina, nabeba spika, na tukitoka Mwanga usiku tunarudi kwa miguu na stori mpaka Katubuka. Omba kazi yoyote hapo kanisani, hata kupanga viti.

Mgeni_Ipuli:
Katekista nimempata, kumbe wanasali nyumba ya tatu toka kwangu! Mama, siku ya kwanza naenda na nini?

Mama_Isevya:
Rozari na kitabu cha nyimbo, uwahi, Jumamosi wengi wanaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Na daftari likikufikia waambie mshahara bado 😀