Kicheza muziki kwenye Linux: MTP, MSC au Rockbox?

fundi_mdogo: Habari zenu wakuu. Nimehamia Linux moja kwa moja, Windows haipo tena kwenye mashine. Nina vicheza muziki viwili: kimoja kidogo ambacho mipangilio yake inaniuliza nichague MTP au MSC (njia mbili za kuunganishwa na kompyuta kwa USB), kingine ni iPod Classic. Nyimbo zangu nyingi ni za miundo ya FLAC na Ogg. Kila kimoja nikipitishie njia gani?

mzee_wa_terminali: Hicho kidogo weka MSC, usijiulize mara mbili. Kitaonekana kama flashi, kerneli (kiini cha Linux) inakitambua yenyewe na unanakili folda zako kwa chochote ulichozoea. MTP ilitoka Microsoft, ikaja kuwa kiwango rasmi cha USB mwaka 2008. Humo kicheza ndicho kinachosimamia diski, kompyuta inabaki kuomba faili mojamoja kupitia maktaba ya programu iitwayo libmtp. Ukitaka kurekebisha jina la msanii tu, kwa kawaida faili nzima inatumwa upya.

bi_kaseti: Mzee umeikandamiza MTP bure. Kwa kuwa diski haishikwi na kompyuta, kebo ikichomoka ghafla utapoteza wimbo uliokuwa njiani, lakini mfumo mzima wa faili hauko hatarini kama kwenye MSC. Na anayesikilizia kwenye simu ya Android hana uchaguzi mkubwa, ni MTP tu. Wengi wanaolalamika kwamba "kifaa hakifunguki" wamekifungua tayari kwenye kidirisha cha mafaili, halafu wanaiwasha programu ya muziki ya Rhythmbox nayo ikitaka kifaa hichohicho. Programu mbili haziwezi kukishika kwa pamoja. Funga moja.

mzee_wa_terminali: Hapo sina ubishi. Ila kwenye MSC dawa ni kukitoa kwa utaratibu kabla ya kuchomoa. Upau wa kunakili ukifika mwisho haina maana data imeshaandikwa, sehemu yake huwa bado imo kwenye RAM.

sauti_ya_pili: Mbona iPod mmeiruka? Hiyo ndiyo yenye kazi. Ukiburuta nyimbo ndani yake zitakaa pale na kula nafasi, lakini menyu haitazionyesha, kwa sababu iPod haisomi folda. Inasoma hifadhidata yake, iTunesDB, iliyo ndani ya folda ya iPod_Control. Kwenye Linux inayoiandika ni maktaba ya libgpod, na programu za gtkpod na Rhythmbox zote zinaitegemea. Kuanzia Classic za 2007 hifadhidata hiyo inatiwa sahihi kwa namba ya utambulisho ya kifaa, kwa hiyo libgpod lazima iipate namba hiyo kwenye faili ya SysInfo. Isipokuwepo, iPod itakuonyesha kwamba haina wimbo hata mmoja.

Angalia pia ilifomatiwa wapi, maana mfumo wa faili hutofautiana. Ya Windows ni FAT32, haina shida. Ya Mac ni HFS+, na ikiwa na jarida (journal, kumbukumbu ya mabadiliko ya diski) Linux itaisoma tu, haitaiandika.

fundi_mdogo: Na FLAC zangu?

sauti_ya_pili: Programu ya asili ya iPod haichezi FLAC wala Ogg. FLAC zigeuze ALAC (muundo wa Apple) kwa programu ya ffmpeg, ubora hautapungua. Ogg ukizigeuza MP3 utapoteza kidogo, maana unabana kitu kilichokwisha kubanwa.

nyuzi_saba: Au achana na kugeuza, weka Rockbox, programu mbadala ya kuendesha kicheza. Inacheza FLAC, Ogg na hata Opus, inasoma folda kama zilivyo, iTunesDB hutaihitaji tena. Programu ya asili inabaki, unachagua unapowasha. Sharti diski iwe FAT32. Muonekano wake wa mwanzo si wa kupendeza, na menyu za mipangilio hazina mwisho, lakini kwa maktaba kama yako sioni cha kuishinda. Kile kidogo nacho kitafute kwenye orodha yao ya vifaa kabla hujagusa kitu.

fundi_mdogo: Basi MSC kwa kidogo, Rockbox kwa iPod. Swali la mwisho: nyimbo za albamu zikijipanga ovyo?

mzee_wa_terminali: Vicheza vingi vidogo hufuata mpangilio wa faili zilivyoandikwa kwenye FAT, si alfabeti. Fanya umount (kitenganishe na mfumo), kisha pitisha programu ya fatsort kwenye diski hiyo. Na ukitumia rsync kunakili weka -rtv --modify-window=1. FAT hurekodi muda kwa hatua za sekunde 2, bila hiyo itanakili upya nyimbo ambazo hazijabadilika.

bi_kaseti: Kabla ya yote andika lsusb kwenye terminali, ikuorodheshee vifaa vya USB. Kama hakuna mstari mpya unaotokea, badilisha kebo. Nyingine ni za kuchaji tu.