Mjadala: Mtoto wa darasa la kwanza aanze na maneno gani ya Kiingereza?

Wadau wa elimu, mtaala mpya wa Tanzania ulioanza Januari 2024 umerudisha Kiingereza darasa la kwanza. Ule wa 2015 ulikisogeza hadi la tatu ili watoto wamalize kwanza KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Kama kimerudi mapema mno au la, tumeshabishana sana. Swali langu ni jingine: huyu mtoto wa miaka 6 anafundishwa maneno gani, na kwa njia gani?

Madarasa mengi yana chati ileile ya dukani: "apple", "igloo", "queen", "xylophone". Watoto wanaiimba vizuri kabisa. Mwambie mmoja wao akuonyeshe "bucket", na ndoo iko hapo mlangoni, anakutazama tu. Igloo ni kibanda cha barafu cha watu wa kaskazini ya mbali. Mtoto wa Singida atalitumia wapi neno hilo?

Msimamo wangu: darasa la kwanza Kiingereza kiwe cha masikio na mdomo. Aanze na anavyovishika kila siku, "water", "broom", "mango", "goat", pamoja na amri fupi. Mwalimu akisema "Close the door" na mtoto akainuka kwenda kufunga mlango, neno limeshaingia. Hana haja ya kuliandika.

Kuandika kusubiri kwa sababu Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa. Muhula huohuo mtoto anahangaika na ba, be, bi, bo, bu. Mwandikie "table" ubaoni, atasoma ta-ble, na kwa alivyofundishwa yuko sahihi. Ukimchapa au ukimcheka hapo, unamvuruga kwenye kusoma kwenyewe, tena kwa lugha zote mbili.

Wapo watakaosema sekondari masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, hivyo tukichelewesha kuandika tunamuumiza. Hoja hiyo ni nzito, siipuuzi. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote, halafu kidato cha kwanza anakutana na baiolojia kwa Kiingereza. Lakini kinachomkwamisha pale ni kutoelewa mwalimu anasema nini, na kuelewa huanzia kwenye kusikia.

Walimu wa la kwanza, hasa mlio na watoto mia moja chumba kimoja, hizo amri za mdomo zinawezekana? Mnafanyaje? Na mzazi anayetaka kuona daftari la Kiingereza limejaa, aje atupe sababu zake.