Mwaka wa nne kaunta, shoti zinanimaliza. Nibaki au niende kwa shangazi?

Binti Makorora
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijaandika barua ya kuacha kazi.

Ni keshia kwenye supamaketi hapa Tanga mjini, kampuni kubwa yenye matawi mikoani. Sitaki kukufuru: mshahara unaingia tarehe ileile, michango ya NSSF naiona, na ada ya mdogo wangu imetoka humohumo. Kabla ya hapo niliuza duka la mtu Barabara ya Kumi na Mbili, nalipwa siku mwenye duka akijisikia.

Tatizo ni shoti, yaani pesa zinazopungua ukifunga hesabu ya kaunta. Mwezi uliopita nilifunga kaunta saa tatu usiku, nikahesabu noti mara tatu, sarafu nikazipanga mafungumafungu, bado 38,000 haionekani. Siku hiyo mashine ilizima mara mbili, na msimamizi alitumia namba yangu ya siri kufuta risiti ya mteja aliyerudisha pasi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikakatwa, na juu yake nikakatwa fungu langu la vitu vilivyopotea dukani, maana hivyo tunagawana wote, hata aliyekuwa likizo. Jumla 130,000 kwenye mshahara wa 420,000. Nililia chooni.

Shangazi ana duka la vyombo Mgandini, anataka nikamsaidie. Niende?

Mgosi wa Duga
Nenda, dada. Nilikaa stoo miaka sita, nimetoka na mgongo mbovu. Usiku wa kuhesabu mali tulifungiwa ndani hadi alfajiri, na saa nne asubuhi unatakiwa uwe umerudi. Mkubwa akija kutoka Dar mnagawiwa fulana mpya, akiondoka mnazirudisha.

Mama Zulfa
Mwanangu, usikimbilie. Mimi niko sokoni mwaka wa kumi na moja. Masika ikishika, sufuria hainunuliwi. Na shangazi ni shangazi, utamdai mshahara kwa mdomo gani? Muulize leo: utanilipa shilingi ngapi, tarehe ngapi? Akikwambia "sisi ndugu, tutaelewana," umeshapata jibu.

Kaka wa Chumbageni
Dada, niliwahi kuwa mwakilishi wa TUICO, chama cha wafanyakazi, kazini kwangu, kesi za shoti nimekaa nazo sana. Soma kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Hasara haikatwi hivihivi. Lazima iwe kwa kosa lako wewe, upewe maandishi yanayoonyesha sababu, kiasi na hesabu yake, na upewe nafasi ya kupinga. Tena makato hayo yasizidi robo ya mshahara. Robo yako ni 105,000. Wamevuka. Na hilo la kugawana vilivyopotea, kosa lako liko wapi hapo?

Swali langu: uliwahi kusaini karatasi ya kukubali makato?

Binti Makorora
Siku ya kuanza kazi tulisaini karatasi nyingi kaka, sikusoma. Nikidai nakala si watanitafutia sababu?

Kaka wa Chumbageni
Watanuna, ndiyo. Usiende peke yako, nendeni makeshia wawili watatu. Wakigoma kujibu, CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wa migogoro ya kazi, ina ofisi hapahapa Tanga. Mgogoro wa makato unapelekwa ndani ya siku 60, wa kufukuzwa ndani ya siku 30. Ukiacha kazi kwa hasira watu husahau kuhesabu siku hizo.

Na namba ya siri ibadilishe kesho. Asiijue mtu, hata meneja. Akitaka kufuta risiti aingie kwa yake.

Mgosi wa Duga
Hapo kwenye robo nilikuwa sijui. Nimekatwa miaka sita.

Binti Makorora
Nawashukuru sana. Kesho naingia saa saba mchana, kwa hiyo asubuhi naandika barua ya kuomba mchanganuo wa makato, nakala mbili, moja wanigongee muhuri. Mwenzangu wa kaunta ya pili amekubali tuandike pamoja.

Shangazi nimempigia sasa hivi, nimemuuliza swali la Mama Zulfa. Amenyamaza kidogo, akasema nimpe hadi Ijumaa.