Patasi za springi ya gari: kwa nini nyingine humeguka makali na nyingine hujikunja?

Seremala wa Mbeya

Habari zenu ndugu mafundi. Ninafua patasi kutokana na springi bapa za magari chakavu, kwa sababu patasi za bei nafuu ninazozipata dukani hazihimili mbao ngumu kama mninga na mvule. Ninapasha kipande cha springi kwenye moto wa mkaa unaopulizwa kwa feni, ninakifua hadi kipate umbo, kisha ninakipasha tena kiwe chekundu na kukichovya kwenye maji. Matokeo yake hayatabiriki: patasi moja inameguka makali mara tu nyundo inapogonga mpini, ilhali nyingine iliyokatwa kwenye springi hiyo hiyo makali yake yanajikunja. Fundi mmoja amenishauri niache kabisa kuchovya, na mwingine anasema nitumie oili badala ya maji. Ninaomba anayefahamu kinachotokea ndani ya chuma anieleze, maana ninauza patasi hizi kwa mafundi wenzangu na sipendi kuwauzia kitu cha kubahatisha.

Mwalimu wa Karakana

Ndugu Seremala, dalili zote mbili zina asili moja, nayo ni joto lisilodhibitiwa. Springi nyingi bapa za magari ni chuma chenye kaboni kati ya asilimia 0.5 na 0.65 hivi, kilichotiwa manganizi pamoja na kromiamu au silikoni. Chuma cha namna hiyo kikiwa baridi, atomu zake zimejipanga kwa namna isiyoipa kaboni nafasi. Kikipita nyuzi 727 za Selsiasi, mpangilio huo huanza kubadilika na kaboni ikaenea humo ndani, ingawa chuma chenyewe hakijayeyuka. Ukikiacha kipoe taratibu ndani ya majivu, kaboni hujitenga tena na chuma kikawa laini kiasi cha kukatwa kwa tupa. Ukikipoza ghafla, kaboni hukosa muda wa kutoka, hunaswa pale ilipo na kuubana mpangilio wa atomu. Hali hiyo huitwa martensiti, kwa heshima ya mtafiti Mjerumani Adolf Martens, nayo ndiyo inayokifanya chuma kiwe kigumu hata tupa iteleze juu yake.

Kwa hiyo patasi inayojikunja yaelekea haikufika kwenye joto hilo, au ilipoa hewani kabla hujaichovya. Ile inayomeguka ilifika, pengine ikapitiliza, na ikatumika bila kupashwa moto wa pili, yaani ule mdogo unaofuata baada ya kuchovya ili kupunguza kumeguka, ambao sikuuona kabisa katika maelezo yako.

Kuhusu kupima joto, tumia sumaku. Chuma huacha kuvutwa na sumaku kinapokaribia nyuzi 770, nawe ukishaona sumaku haishiki, ongeza moto kidogo tu, hadi nyuzi 830 au 850 hivi, kisha uchovye mara moja. Fanya kazi hiyo kivulini, kwa kuwa juani wekundu wa chuma hufifia machoni na fundi huzidisha moto bila kujua. Moto ukizidi sana, chembe za chuma hukua. Vunja kipande cha majaribio utazame pale kilipovunjikia: ukiona chembe kubwa zinazometa kama chumvi ya mawe, ulipitiliza; ukiona kijivu laini kisichong'aa, joto lilikuwa sawa.

Mhunzi wa Songea

Ninakubaliana na Mwalimu, ila ushauri wa kuacha kuchovya usiufuate, kwa sababu utabaki na patasi isiyoshika makali hata siku moja. Kuhusu oili, aliyekuambia hivyo yuko sahihi kwa chuma hiki. Maji yanafaa kwa chuma kilichotiwa kaboni peke yake, bila kromiamu. Springi yenye kromiamu huwa ngumu hata kwa kupoa polepole zaidi, na maji huipoza kwa ghafla mno hadi ikapata nyufa ambazo pengine hutaziona mpaka siku patasi inapokatika. Ipashe oili kidogo kwanza, ifike nyuzi 50 au 60, kwani oili nzito na baridi hupoza vibaya. Mafuta ya kula yanafaa pia, tena moshi wake una nafuu kuliko wa oili chafu ya injini. Tumia chombo cha chuma chenye kifuniko, na uhakikishe hakuna maji ndani yake.

Moto wa pili ndio roho ya kazi hii. Patasi ikishapoa, usiiache hadi kesho, maana mkazo uliomo unaweza kuipasua yenyewe. Ing'arishe kwa msasa hadi ionekane nyeupe, kisha ipashe polepole ukianzia nyuma, mbali na makali, na utazame rangi zinavyosogea: njano hafifu, njano iliyoiva, kahawia, zambarau, halafu buluu. Kwa patasi ya mbao, izamishe pale njano iliyoiva inapofika kwenye makali, yaani nyuzi 230 hivi. Buluu, karibu nyuzi 300, ni ya vitu vinavyotakiwa kunepa, na makali yaliyofika hapo yatajikunja tena.

Mwalimu wa Karakana

Ninaongeza neno kwa Mzee wangu wa Songea. Rangi hizo hutegemea muda pia, si joto peke yake, kwa kuwa ni utando mwembamba unaozidi kunenepa kadiri chuma kinavyokaa kwenye moto. Mwenye oveni ya mikate yenye kipimo cha joto anachoweza kukiamini aiweke patasi humo kwa nyuzi 200 hadi 220 kwa saa nzima au mbili. Matokeo yatafanana kila mara, na kwa mtu anayeuza hilo ni jambo kubwa.

Seremala wa Mbeya

Ninawashukuru sana. Nondo je, zinaweza kufanyiwa hivyo hivyo? Ninazo nyingi.

Mhunzi wa Songea

Hapana. Kaboni yake kwa kawaida ni ndogo mno, haizidi asilimia 0.3 hivi, kwa hiyo haitashika makali ya patasi hata ukiichovya namna gani. Nondo nyingi za siku hizi hupozwa kwa maji kiwandani ili ganda la nje liwe imara, na ndiyo sababu ninasikitika ninapoona nondo ikipashwa hadi nyekundu ili ikunjwe kwenye jengo, kwani nguvu ile huondoka. Zibakishe kwa koleo na kulabu. Na kwenye patasi zako, chovya upande wa makali tu; mkia unaoingia kwenye mpini uache laini, kwa sababu ukiwa mgumu utakatikia ndani ya mpini.