Tupeane uzoefu: mliobandika vinia za meno, ilikuwaje? (hasa sisi tuliokunywa maji ya Arusha)

Kijana wa Usa River
Wakuu habari za wikiendi. Huu uzi naomba uwe wa waliofanya wenyewe, sio wa kusikia kwa shemeji. Mimi nimekulia upande wa Meru, maji yetu mnayajua, yamejaa madini ya floraidi, kwa hiyo meno yangu ya mbele yana michirizi ya kahawia na mawili yana vishimo kabisa. Sio uchafu, mswaki napiga kuliko hao wanaonicheka. Arusha hakuna wa kushangaa maana darasa zima tulikuwa hivyo, ila sasa nimehamia Dar kikazi, nakaa mbele ya wateja, na watu huku wanadhani ni sigara. Nimeenda kwa daktari kuuliza kung'arisha akasema kwa meno ya floraidi ile dawa ya kung'arisha inaweza kufanya madoa meupe yaonekane zaidi na kahawia isitoke, akanitajia vinia, yale magamba membamba ya kubandika mbele ya jino. Za kompositi (ile plastiki ngumu ya rangi ya jino) laki na ushee, za kauri karibu mara nne ya hapo, na ni kwa JINO jamani, sio kwa mdomo. Mliofanya njooni, mlisagwa kiasi gani, zimekaa muda gani, na mifupa mnatafuna au ndio basi tena?

mama_wawili
Niko Moshi, meno kama yako. Nilifanya kompositi za juu kuanzia chonge hadi chonge. Hata ganzi sikuchomwa, daktari alikwaruza juu juu tu, akapaka dawa ya kushikisha, akawa anaweka ile kompositi laini kidogo kidogo huku anaimulika na taa ya bluu inakauka, akimaliza anachonga na kung'arisha mpaka inateleza. Nimeingia asubuhi nimetoka mchana na meno. Kwenye meno ya floraidi alisema gamba la nje ni gumu kushika gundi kwa hiyo asidi ya kuandalia jino anaiacha muda mrefu kidogo, akiharakisha zinabanduka.
Ubaya wake ni chai. Mimi chai ya rangi siachi, pembeni zimeanza kuwa na mstari wa njano, nikienda kusafisha wanazing'arisha zinarudi lakini sio kama siku ya kwanza. Moja ilimegeka kwenye mfupa wa mbuzi, wakaijazia pale pale. Ndio maana sijutii kuchukua kompositi, ikiharibika inatengenezeka, ya kauri ikivunjika unaanza upya.

Naks Finest
Huku kwetu Nakuru tuko wengi, hata ukienda Naivasha ni hivyo hivyo, Bonde la Ufa lote. Mimi nilienda nikitaka vinia na daktari mwenyewe akanikatalia, akasema tuanze na kidogo. Akanisugua meno na dawa yenye asidi imechanganywa na unga unga, inatoa kagamba kembamba sana ka juu, halafu baadaye ndio akanipa dawa ya kung'arisha ya kuvaa usiku. Yale ya kahawia hafifu yameisha kabisa. Iliyobaki ni jino moja lenye shimo, hilo likazibwa kwa kompositi. Pesa niliyotumia haifiki hata vinia mbili za kauri. Kwa hiyo msikimbilie, inategemea doa limeingia ndani kiasi gani, kama ni vishimo kama vyako bro hiyo ya kusugua haitatosha.

Shangazi wa Leicester
Huku Uingereza vijana wanapanda ndege kwenda Uturuki kwa sababu ni rahisi, mpaka kuna msemo wa meno ya Kituruki. Mpwa wangu alienda akiwa na meno mazima tu yaliyopishana kidogo. Alichoambiwa kwenye simu ni vinia, alichofanyiwa ni krauni. Tofauti yake msiichukulie poa, vinia inabandikwa mbele ya jino na wanapunguza kama nusu milimita hivi, krauni wanachonga jino zima pande zote linabaki kijiti halafu wanalivisha kofia. Mtoto ana miaka ishirini na kitu, vile vijiti havirudi tena maisha yake yote, na zile kofia zitabadilishwa mara kibao kabla hajazeeka. Jino moja mshipa umekufa, ikabidi waje kulitibu mzizi huku huku kwetu, na madaktari wa hapa hawapendi kugusa kazi ya mwenzao. Kabla hujakaa kwenye kile kiti uliza neno kwa neno: ni vinia au ni krauni?

fundi wa maabara
Mimi ndio natengeneza hizo kauri, daktari ananiletea alama ya umbo la meno yako nachonga. Niwaambie kinachonitesa: rangi. Kuna kile kipimo cha rangi cha kampuni ya Vita kinaanzia A1 mpaka D4, meno ya watu wengi wazima wa kawaida yanaangukia kwenye A2, A3 huko. Halafu kuna zile nyeupe zaidi za BL, watu wanaonyesha picha ya msanii kwenye simu wanataka BL1. BL1 kwenye meno manne ya mbele halafu pembeni una A3, unafanana na sinki jipya bafuni kwa zamani. Mwambie daktari akuchagulie rangi kwenye mwanga wa dirishani, kabla meno hayajakauka maana jino likikaa wazi muda linapauka na mtachagua rangi ya uongo, na ukiwa hujapaka lipstiki. Nyingine: meno ya floraidi yakiwa na kahawia nzito inabidi kauri iwe nene kidogo au isipitishe mwanga sana, la sivyo doa linachungulia. Kwa hiyo wewe wa Usa ukisikia mtu anakuahidi vinia bila kusaga kabisa na hizo kahawia zako, muulize zitafichwaje.
Na wanaosaga meno usiku waseme mapema. Utavalishwa kiplastiki cha kulalia, usipovaa utaniletea vipande.

Binti Tanga
Mie sikufanya na nataka kusimulia hivyo hivyo. Nilikwenda kwa jino moja lililomeguka la mbele, daktari akaniambia tukifanya mbili za kati tutaziba na mwanya. Nikamwambia daktari, mwanangu huu mwanya bibi yangu alikuwa nao, mama anao, na mume wangu ndio aliouona kwanza. Akawa muungwana, akanipachikia ile ya majaribio juu ya meno bila kusaga kitu nijitazame. Nilijiona mtu mwingine, halafu nikisema "sasa" inatoka "thatha". Ikatolewa hapo hapo, likajazwa lile jino moja na mwanya wangu uko pale pale. Hiyo ya majaribio ombeni kabla ya chochote, wengine hawaitoi mpaka uulize.

neema_k
Wanangu wadogo wanakulia Ngaramtoni huku Arusha, niwawekee akiba ya hizi vinia au 😂

mama_wawili
Dada neema akiba weka kwenye maji. Meno ya mbele yanaharibika yakiwa bado kwenye fizi, mtoto akishapita miaka minane hivi hayo ya mbele hayaharibiki tena. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki ile ile. Vuna maji ya mvua ya kunywa na kupikia, au tafuta chujio la mkaa wa mifupa, pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha kuondoa floraidi wanaolijua vizuri. Na punguza magadi kwenye maharage na makande, yana floraidi na yenyewe. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, sisi tumekua wakati kiwango cha Tanzania kinaruhusu zaidi ya hapo, ndio haya mnayaona.

Kijana wa Usa River
Asanteni sana, shangazi umeniogopesha kidogo ila nimekuelewa. Fundi swali moja, nikifanya manne tu ya juu haitoshi?

fundi wa maabara
Simama mbele ya kioo ucheke kile kicheko cha kwenye harusi, sio cha pasipoti, uhesabu meno yanayoonekana. Wengi ni sita, wenye mdomo mpana nane hadi kumi. Yakiwa nane usifanye manne. Kama hela ni ya manne, weka kompositi kwanza kwenye yale mawili yenye vishimo na mengine yasuguliwe kama alivyofanya huyo wa Nakuru, kauri itakusubiri. Na fizi zikiwa zinatoka damu ukipiga mswaki, safisha meno kwanza zipone ndio uende kupimwa, maana fizi zikivimba alama anayoniletea daktari inadanganya na vinia inaacha kaupenyo juu.