Chuo cha "kodingi" Arusha kimekula ada ya mama yangu, na walichonifundisha hakitumiki hapa nchini

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitazificha. Mods naomba msiufute huu uzi, jina la chuo sijaweka na sitaweka, kuna barua nimeshapeleka mahali na sitaki kuiharibu kwa maneno ya huku.

Mimi ni wa Moshi, Pasua. Matokeo ya kidato cha nne hayakunibeba kwenye kozi za afya nilizoomba, nikakaa nyumbani karibu mwaka mzima namsaidia mama kuuza ndizi pale Mbuyuni. Siku moja nikaona tangazo wasap, kozi ya malipo ya bima za hospitali na kodingi, miezi tisa, cheti cha kimataifa, fildi ya uhakika, ukimaliza unafanya kazi za hospitali za Marekani ukiwa nyumbani kwako na unalipwa dola. (Nasema kodingi ili msichanganye na kodi ya TRA, ni ile kazi ya kugeuza ugonjwa na huduma aliyopewa mgonjwa kuwa namba, ili bima walipe.) Ada milioni moja na laki nne, awamu nne. Mama akauza mtamba wake mmoja wa maziwa, iliyobaki akakopa kikoba. Mimi nikapanga chumba Kwa Mrombo, nikaanza.

Darasa lenyewe ni chumba juu ya duka la spea. Mwalimu ni kijana wa kompyuta tu, hajawahi kukaa ofisi ya bima ya hospitali yoyote, hilo alikuja kulisema mwenyewe mwezi wa sita baada ya kubanwa maswali. Kitabu hakuna. Kuna hendauti za fotokopi, fotokopi ya fotokopi, namba nyingine huoni kama ni 3 au 8, na kwenye kazi hii namba moja ikikosewa umeshaandika ugonjwa mwingine. Tukakaririshwa namba za CPT, yaani namba za Kimarekani za huduma za hospitali, zile za mgonjwa kumuona daktari, kuanzia 99201 mpaka 99215, tunazisoma kwa sauti kama watoto wa chekechea na tebo.

Sasa sikilizeni. Ile 99201 imefutwa tangu Januari 2021. IMEFUTWA. Zile namba ni mali ya chama cha madaktari wa Marekani na wanazibadilisha kila mwaka, na zile zao za magonjwa, ICD-10-CM, zinabadilika kila Oktoba. Hivyo huwezi kufundisha kwa hendauti ya zamani hata kama ungekuwa na nia njema. Halafu mtihani wa CPC, ule wa cheti cha Kimarekani cha kodingi, waliokuwa wanatutishia nao kila siku ni maswali 100 kwa saa nne na UNARUHUSIWA kuingia na vitabu vyako vya hizo namba! Wanapima kama unajua kutafuta na kuchagua namba sahihi. Sisi tumekaririshwa miezi tisa. Na ada ya huo mtihani haimo kwenye ile milioni na laki nne, unajilipia mwenyewe kwa dola. Na hata ukifaulu kama hujawahi kufanya kazi wanakupa cheti chenye herufi A pembeni, maana yake wewe bado mwanafunzi wa kazi, mpaka uthibitishe uzoefu. Nani alituambia haya? Hakuna. Nimeyasoma mwenyewe usiku kwenye simu kwa bando langu.

Fildi ya uhakika nayo hewa, nilijitafutia mwenyewe kituo cha afya huku huku Arusha. Siku ya kwanza dada wa ofisi ya bima akanipa kibunda cha fomu 2A/B, zile za kituo kudai malipo bima, akasema mdogo wangu zipitie, zenye shida weka pembeni. Nikakaa nazo saa nzima. Sikuona shida hata moja, akachukua ya juu kabisa akaniwekea mbele. Daktari kaandika UTI, namba N39.0 ipo vizuri. Kipimo cha malaria kimefanyika, jibu hasi. Chini kwenye dawa kuna mseto, dawa ya malaria. Akaniuliza, bima walipe mseto kwa ugonjwa gani hapa? Nikabaki kimya. Ya pili haina saini ya mgonjwa. Ya tatu kijana wa bodaboda, muundi umevunjika, kaandikiwa fracture tu bila kusema mfupa gani, wakati namba ya S82 iko wazi kabisa ni ya kuvunjika mguu chini ya goti na bado inagawanyika zaidi. Akasema kila fomu kama hizi ni hela ya kituo inakatwa, na mwisho wa mwezi ni yeye anaitwa na mganga mfawidhi kujieleza kwa nini makato ni makubwa.

Nikamwambia sisi tumesoma CPT. Akaniangalia kwa huruma kweli, akasema hiyo sisi hatuna. Hapa bima wana orodha yao ya huduma na bei, ugonjwa unaandikwa kwa namba za ICD-10 ya WHO, na matibabu yaendane na mwongozo wa matibabu wa taifa. Ile ICD-10 ya WHO ipo mtandaoni BURE wakuu, unafungua, unaandika jina la ugonjwa kwa Kiingereza, inakuletea. Ndani ya wiki mbili yule dada na penseli yake kanifundisha kazi zaidi ya chuo kwa miezi tisa, na sijamlipa hata mia. Mungu ambariki.

Nikamaliza nikapewa cheti kina mhuri wa dhahabu. Nikaenda nacho kuomba kazi hospitali moja, mtu wa utumishi akaniuliza ni NTA level ngapi, yaani ngazi gani ya vyeti vya vyuo vya hapa nchini. Sijui. Nikaingia tovuti ya NACTVET, baraza linalosajili vyuo vya ufundi, chuo hakipo kwenye orodha. Nikashusha kitabu chao cha mwongozo wa udahili, ukurasa kwa ukurasa, hakipo. Hapo ndipo nilikaa chini pale stendi ya Kilombero nikalia, sioni aibu kusema.

Nimerudi chuoni mara mbili. Mara ya kwanza mhasibu akasema ada hairudishwi, imeandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Mara ya pili mkuu wa chuo akaniambia cheti ni cha kimataifa hivyo hakihitaji usajili wa hapa. Nikamuuliza taifa gani linakitambua, akaniambia nina kiburi.

Kinachoniuma ni kwamba kazi yenyewe ipo na ni kazi ya maana sana. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita 2023, fomu zitaongezeka, kila kituo kitahitaji mtu anayejua kusoma faili la mgonjwa na kuona kosa kabla halijafika kwa bima. Watu kama yule dada ni wachache na wamechoka. Badala ya kufundisha vijana anatomia, dawa na mwongozo wa matibabu, mtu anakodi chumba, anaweka bango lenye picha ya Mzungu kavaa koti jeupe, anavuna watoto wa wauza ndizi. Na ninyi mnaotaka kuingia humo, kabla hujatoa hata elfu kumi muulize mwalimu fomu moja ya bima ya hapa hapa inajazwaje, na chuo kitafute NACTVET mwenyewe, usikubali kuonyeshwa karatasi iliyoning'inizwa ukutani.

Mama bado ananiuliza kazi naanza lini. Rejesho la kikoba limebaki la miezi minne.

Wanapokea wanafunzi wapya mwezi ujao, bango limebandikwa upya jana nimeliona. Risiti zangu zote nne ninazo. Kama kuna mwenzangu wa darasa letu anasoma hapa anicheki inbox, Jumatatu saa mbili asubuhi niko pale chini kwenye ngazi, tupande pamoja.