Vijana kwenye usuluhishi wa migogoro Nyanda za Juu: tupeane uzoefu

Mtoa mada (Kilolo)
Wakuu, kamwene. Juzi kijijini kwetu kulikuwa na kikao cha mgogoro wa vinyungu, zile bustani za mabondeni tunazolima kiangazi. Wazee walikaa ndani, sisi vijana tukasikilizia madirishani. Tulikuja kuitwa mwishoni, kwenda kuchimbia alama za mpaka. Iliniuma, kwa sababu vinyungu hivyo tunalima sisi. Nyanya na maharage ya kiangazi ndiyo ada za wadogo zetu. Nani ameona kijana akipewa nafasi ya kusuluhisha, siyo kubeba jembe tu? Eleza ilivyokuwa, hata kama iliharibika.

Mpunga wa Usangu
Huku Mbarali ugomvi ni maji. Mwenye jaruba la mpunga karibu na banio, pale maji yanapoingizwa mferejini, anajaza, wa mwisho wa mfereji anabaki na nyufa. Msimu wa kupandikiza ukifika kila mtu anayataka kwa siku moja, ndipo watu huamka usiku na majembe.

Nilikuwa na miaka 22, na nilikuwa mmoja wa walioamka. Tulikutana na vijana wa juu, mwenzangu akapigwa mpini begani. Kulipokucha kila upande ulikuwa umejipanga kulipiza.

Mwenyekiti wetu wa umwagiliaji aliita vijana wanne tu, wawili wa juu na wawili wa chini. Mimi nilikuwamo, na yule aliyepiga alikuwamo. Akatutembeza mfereji wote kwa miguu kuanzia banioni. Wa juu hawakuwa wamefika kwetu msimu ule. Wakakuta miche kitaluni imepitiliza umri, majani ya njano. Yule kijana akainama, akang'oa mche mmoja, akautazama mzizi wake muda mrefu bila kusema neno. Na sisi tuliona kitu tusichokijua: njiani tuta lilikuwa limebomoka, maji yanapotelea kwenye matete. Siku zote tuliamini wanatunyima makusudi.

Tulifanya kazi siku mbili kuliziba lile tuta. Kisha tukakabidhiwa daftari la zamu na ulinzi wa usiku, kila zamu mmoja wa juu na mmoja wa chini. Bila mwenzako hufungui lango. Msimu ule hakuna aliyepigwa tena.

Yule kijana alilipa matibabu, akaja na baba yake kuomba radhi. Hilo la radhi walilisimamia wazee, na nashukuru, maana sisi tungeishia kwenye hela.

Dada wa Mufindi
Nina miaka 29, nipo baraza la ardhi la kijiji. Wajumbe ni saba, na sheria inataka watatu wawe wanawake. Jina langu lilipendekezwa na halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu ukalipitisha. Wenye umri wa miaka 18 na kuendelea tunaingia mkutano huo, kwa hiyo vijana msiususie, huko ndiko majina yanakopita.

Mwanzoni nilipewa kalamu tu, niandike. Siku moja wazee wawili walibishania mpaka, kila mmoja na kumbukumbu yake. Nikaomba twende shambani na vijana waliolimia pale kama vibarua. Mmoja akatuonyesha shina la mti wa mpaka, limefunikwa na magugu. Tangu hapo hawaamui wakiwa wamekaa ofisini.

Boda Soweto
Mbeya mjini, kijiweni kwetu, anayeruka foleni ya abiria anatozwa faini, inaingia mfuko wa ajali. Tunasuluhishana wenyewe, na hakuna ngumi.

Kijana wa Njombe
Kwangu imeharibika. Baba mdogo amepanda mipaina ndani ya mpaka wa marehemu baba. Kwenye kikao cha ukoo nilimwita mwizi mbele ya watoto wake. Akainuka, akaondoka. Sasa nataka niende baraza la kata limhukumu.

Dada wa Mufindi
Pole, kaka. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza la kata halihukumu tena kesi za ardhi, linasuluhisha tu. Lina siku 30. Likishindwa linathibitisha hivyo, ndipo unakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Kwa hiyo hata huko utamkuta baba mdogo, mkae meza moja.

Mtoa mada (Kilolo)
Kaka, kabla ya karatasi yoyote, mpaka mmeutembea pamoja?

Kijana wa Njombe
Hapana. Hata mimi mara ya mwisho kufika kule nilikuwa darasa la sita.

Mpunga wa Usangu
Anza na neno ulilomwambia. Usiende peke yako.

Kijana wa Njombe
Shangazi anasikilizwa na baba mdogo. Jumapili tukitoka ibadani nitampitia, aniongoze kwenda kuomba radhi. La mpaka nitamwachia yeye alitaje. Nitarudi kuwaeleza.